Kwenye mchezo, omba zamu ya mwanzo

Mchezo wetu wa mtaani wa kuchangishana pesa una watu kumi na wawili; kila mwezi kila mtu anatoa laki moja, na mmoja anapokea zote kwa zamu. Zamu zikipangwa mimi huomba za mwanzo, wenzangu wakadhani nina shida. Sina. Milioni moja na laki mbili ya Januari na ya Desemba zinahesabika sawa, ila dukani hazilingani.

Mwaka 2024 mfumuko wa bei Tanzania, yaani kasi ya bei kupanda kwa mwaka, ulikuwa kama asilimia 3. Kwa kiwango hicho, anayepokea mwisho amekatwa elfu thelathini na ushei bila kuguswa mfukoni. Si nyingi. Wazee wetu waliona makubwa: miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na mafuta kupanda, bidhaa ziliadimika huku serikali ikikopa Benki Kuu, yaani pesa mpya zikitengenezwa, kuziba pengo la bajeti. Pesa nyingi, sukari ya kugombania. Kuna miaka bei zilipanda kwa karibu asilimia 30. Dola iliyokuwa shilingi 7 na senti 14 mwaka 1966 leo inapita shilingi 2,000. Ukisikia mtu anasema serikali ichapishe tu noti tugawane, muulize mchele utatoka wapi.

Hesabu ya haraka: gawanya 72 kwa asilimia ya mfumuko. Kwa asilimia 3, pesa iliyolala kwenye kibubu inabaki na nusu ya nguvu yake baada ya miaka 24. Kwa asilimia 6, miaka 12. Akaunti ya kawaida ya akiba husaidia kidogo tu, na makato yako palepale.

Kwa hiyo najiuliza kwanza: pesa hii naitaka lini? Ada ya muhula ujao na ya dharura, iache benki au kwenye simu, usihangaike. Ya ujenzi nanunulia vitu kabisa. Tofali zinakaa. Nondo pia, ila zipandishe zisiguse ardhi, uzifunike turubai. Saruji usithubutu! Ikikaa stoo miezi kadhaa inavuta unyevu na kuganda mabonge, hasara kuliko mfumuko wenyewe.

Ya miaka mingi nimeweka kwenye hatifungani za serikali, yaani naikopesha serikali kwa miaka kadhaa, riba inaingia kila baada ya miezi sita. Lakini riba hiyo haibadiliki. Bei zikipaa katikati, umefungwa palepale. Ndiyo maana sikuweka zote. Nyingine ni kiwanja Chanika, hati yake bado naifuatilia.