Ukinzani ukishuka, ulizeni kwanza waya zimeshikishwa wapi

Wadogo zangu mnaoanza fizikia ya kwanta hapa Mbeya, mwaka wangu wa kwanza nilitumiwa data za TaAs (tantali na aseniki), semimetali ya Weyl, yaani fuwele ambamo elektroni huenda kana kwamba hazina masi, iliyothibitishwa mwaka 2015. Nikachora grafu usiku wa baridi ya Julai, nikaona ukinzani unashuka kadiri uga sumaku unavyopanda. Nikawaamsha wenzangu: anomali ya kirali hii hapa, tukio la kwanta linaloshusha ukinzani! Nilikosea.

Anomali yenyewe ilijulikana katika fizikia ya chembe tangu 1969, kwa kazi ya Adler, Bell na Jackiw. Mwaka 1983 Nielsen na Ninomiya walionyesha kuwa inaweza kutokea ndani ya fuwele. Elektroni za Weyl ni za mikono miwili, kulia na kushoto, kufuata spini inavyoelekea ukilinganisha na mwendo, kila mkono na nodi yake, yaani mahali bendi mbili za nishati zinapokutana. Uga wa umeme ukilala sambamba na uga sumaku, elektroni huhama nodi hii kwenda ile. Jumla haibadiliki, ila hesabu ya kila mkono hubadilika. Kwa kuwa hurudi polepole, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Lichoreni hili kwa mkono kuanzia ngazi ya chini kabisa ya Landau (ngazi za nishati ambazo uga sumaku huwapangia elektroni), la sivyo mtakariri tu.

Kilichonipotosha ni mkondo. Katika fuwele safi, ambamo elektroni hukimbia bila kugongwa sana, uga sumaku ulio sambamba na mkondo huukusanya mkondo huo uwe mchirizi mwembamba. Mmeona mashamba ya mpunga ya Usangu: maji yakishika njia moja ya katikati, majaruba ya pembeni hukauka ingawa maji yaliyofunguliwa ni yale yale. Waya za volteji zikiwa ukingoni husoma volteji ndogo, nasi tunaigawa kwa mkondo wote. Ukinzani unaonekana umeshuka, kumbe fuwele haijafanya lolote la ajabu.

Siku hizi siigusi grafu kabla ya kuona picha ya sampuli. Naomba vipimo vya waya za katikati na za ukingoni. Vikipishana sana, nasimama hapo. Wengine watawaambia mzungushe uga, kwamba anomali hufifia pembe kati ya uga sumaku na mkondo ikipanuka. Ni kweli, lakini mchirizi nao hutegemea pembe, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakinitoshi.

Data zangu zile zilikuwa na jozi moja tu ya waya za volteji, nayo ilikuwa ukingoni.