Ukiingia jangwani msimu wa radi, kagua na soksi zako

Sufuria ya kwanza niliyonunua nilipohamia Tucson, Arizona, imezikwa chini ya mchanga wa korongo ambalo sitalitaja kwa aibu. Mimi ni mzaliwa wa Lodwar, Turkana, kaskazini mwa Kenya. Mtoto wa Lodwar hafundishwi laga ni nini, yaani mto wa mchanga unaokuwa na maji mvua ikinyesha tu. Anaijua Kawalase ikiwa kavu, vijana wanacheza mpira humo, na anaijua Kawalase ikiwa imefura, magari yamepanga foleni kila upande na hakuna dereva anayejaribu. Kwetu mtu hakuruhusiwa kulala ndani ya laga. Hata mbuzi.

Na bado, Agosti ya mwaka wangu wa pili huku, nilipiga hema katikati ya korongo kavu. Mchanga ulikuwa laini, kulikuwa na mti wa kivuli, na moyoni nilijiambia kwamba hii ni Marekani, kukiwa na hatari simu italia. Simu haikuwa na mtandao tangu saa nane mchana.

Nilikuwa na rafiki yangu wa Bukavu, Kongo, ambaye huniita "yaya". Kwao yaya ni ndugu mkubwa. Mara ya kwanza aliponiita hivyo nilidhani ananitafutia kazi ya kulea mtoto. Tulipika, tukala, tukalala. Juu yetu nyota zilikuwa zimejaa. Mbali sana, nyuma ya mlima, umeme ulikuwa ukimulika bila sauti, tukaufurahia kama watu wanaotazama fataki za jirani. Usiku wa manane akanitikisa.

"Yaya, unasikia lori?"

Barabara ya karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Tulitoka pekupeku. Kilichotangulia hakikuwa maji. Lilikuwa povu jeusi, limebeba vijiti, mavi ya ng'ombe na chupa moja ya plastiki, likija kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini. Nyuma yake ndipo yakaja maji yenyewe, na kabla hatujamaliza kuupanda ukingo hema lilikuwa limeondoka. Weusi ule ulikuwa majivu. Mlima wa juu yetu uliungua mwaka uliotangulia, na udongo uliochomwa sana huyakataa maji: hayazami, yanateleza juu yake kama juu ya bati, yote yanashuka kwa mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiangalie wingu lililo juu ya kichwa chako. Angalia korongo linatoka wapi, kisha uangalie mbingu ya huko. Agosti 12, 1997, katika Antelope Canyon, kaskazini mwa Arizona, watalii 11 walikufa kwa maji ya mvua iliyonyesha kilomita nyingi juu yao. Korongo lile ni ufa mwembamba wa mwamba, ukishakuwa ndani huoni mbingu zaidi ya utepe. Siku hizi nikiingia kwenye ufa wa namna hiyo, kwanza nautafuta mstari wa takataka ukutani. Maji yakipita huacha vijiti na majani yamekwama kwenye mwamba. Ukiviona vijiti viko juu ya kichwa chako, umeshaambiwa.

Mvua zenyewe zina tarehe. Idara ya hali ya hewa ya huku huhesabu msimu kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, na karibu nusu ya mvua yote ya mwaka ya Tucson hunyesha katika miezi hiyo. Wenyewe huziita monsoon. Nilipolisikia neno hilo nilitabasamu, maana limetoka kwenye Kiarabu, mausim, ambamo na sisi tulichukua "msimu". Mabaharia wa Lamu na hawa wachunga ng'ombe wa Arizona wanasema neno moja bila kujuana. Hata lile ukuta la vumbi linalotangulia dhoruba wanaliita haboob, Kiarabu tena.

Kawaida ya msimu huu ni asubuhi safi, mawingu kuanza kupanda juu ya milima mchana, na radi alasiri. Basi mimi huanza kutembea saa kumi alfajiri, na saa nne au saa tano niko kwenye gari nikirudi. Watu wanaoanza saa tatu baada ya chai ndio tunaokutana nao njiani wakiwa wekundu kama nyanya. Joto la Julai hupita nyuzi 40 kivulini, na kivuli chenyewe hakipo. Beba lita moja ya maji kwa kila saa utakayotembea, na ule kitu chenye chumvi pamoja nayo, kwa sababu maji matupu mengi bila chumvi nayo huangusha mtu. Mimi hubeba njugu karanga. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi hasa, na saa ambayo akiona hujarudi aanze kupiga simu. Saa, si siku.

Radi ikianza, shuka kutoka kwenye ukingo wa mlima na usiegemee kitu kirefu kilichosimama peke yake, yakiwemo yale madungusi makubwa ya miiba yaitwayo saguaro, yanayofika mita 12 na zaidi. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo uendelee. Kuhusu gari: maji ya sentimeta 30 yanayokwenda kasi yanatosha kuinua gari dogo. Arizona wana sheria tangu 1995, ambayo watu wenyewe huiita sheria ya dereva mjinga: ukizunguka kizuizi na kuingia kwenye barabara iliyofurika, ukiokolewa unaweza kudaiwa gharama za kukuokoa. Mimi huzima gari na kungoja. Mkondo uliofura saa kumi jioni, mara nyingi ukifika usiku ni matope tu.

Nge na nyoka nitawapita haraka. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, usitie mkono mahali usipoona, basi. Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni dungusi liitwalo cholla. Vipande vyake hukatika na kukushika kwa miiba yenye ncha kama za ndoana, ukivitoa kwa mkono vinahamia mkononi. Dawa yake ni kitana. Unakiingiza kati ya ngozi na kile kipande, unakirusha mbali. Kitana changu cha nywele, cha meno marefu, kimewaokoa Wazungu wengi ambao vya kwao vilikuwa vidogo mno.

Sasa soksi.

Mwaka mmoja baada ya sufuria nilijiunga na watu wa kujitolea wanaong'oa nyasi milimani Jumamosi. Mkuu wao, mama wa makamo mwenye kofia ya majani, alituonyesha shina lenye kichwa cha manyoya kama mkia wa mbweha, akasema hii ndiyo buffelgrass, adui namba moja wa jangwa hili. Nikalichukua mkononi. Nilijua ninachoshika kabla hajamaliza. Niliuliza limetoka wapi, kwa adabu tu. Akasema asili yake ni Afrika na nchi za mashariki yake, lakini mbegu iliyosambazwa sana Marekani katika miaka ya 1940 ilichukuliwa kaskazini mwa Kenya, bonde la Turkana.

"Ni kwetu," nikasema. Watu 14 wakageuka kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeileta mfukoni.

Aliyeileta alikuwa serikali yao. Waliitaka iwe malisho ya ng'ombe na ishike udongo usimomonyoke, na kwa hayo mawili inafanya kazi vizuri, ndiyo maana upande wa Mexico, jimboni Sonora, wafugaji wameipanda kwenye maeneo makubwa na wengine hawataki kusikia ikitukanwa. Tatizo ni moto. Jangwa hili halikuzoea kuungua. Mimea yake imeachana nafasi, moto ukianza unakosa pa kurukia. Nyasi yetu inajaza zile nafasi, inakauka, na ikishika moto huwaka kwa ukali, kisha yenyewe inachipua tena kutoka kwenye shina. Saguaro haichipui. Hiyo huota tawi lake la kwanza ikiwa na miaka 50 hadi 75, au zaidi. Ukimwona mwenye mikono minne ameungua hadi kiunoni, umemwona mzee aliyekuwepo kabla ya babu yako.

Ndiyo maana nasema kagua soksi. Mbegu zake zina vinyweleo vinavyonasa kwenye pamba, kamba za viatu na manyoya ya mbwa. Ukifika kwenye gari kaa chini, zitoe moja moja, zitie kwenye mfuko, zipelekee pipa la taka la nyumbani. Usizipukute hapo pa kuegesha magari. Sehemu nyingi niling'oa nyasi hii zilikuwa hatua chache tu kutoka njia ya watembeaji, na nafikiri tunajua ilifikaje.

Kung'oa kunahitaji mtaimbo, glovu na subira. Shina lazima litoke na mizizi. Wengine hupulizia dawa, ambayo hufanya kazi nyasi ikiwa ya kijani tu, yaani wiki chache baada ya mvua. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, maana wapo wasiotaka dawa kabisa milimani. Mimi sipulizii, lakini nimeona mteremko ambao mitaimbo mia isingeumaliza, kwa hiyo silaumu.

Wapo pia wanaosema maneno haya, "mgeni", "mvamizi", "mzawa", yananuka chuki ya watu. Nimeulizwa hilo mara nyingi, nadhani kwa sababu ya rangi yangu. Jibu langu ni kwamba mimi si nyasi. Lakini swali si la kijinga. Mmea wa tamariski, wa kutoka Asia, ulipoandamwa kando ya mito, waliachilia mbawakawa wautafune majani. Halafu ikaonekana ndege mmoja mdogo aliye hatarini kutoweka alikuwa akijenga viota humo, na mwaka 2010 serikali ikasimamisha mpango huo. Na kuna punda. Punda wa mwituni walioko Arizona ni uzao wa punda wa Afrika, na wapo wanaotaka waondolewe. Lakini watafiti, mwaka 2021, walionyesha kwamba punda na farasi hawa huchimba visima jangwani, vingine vya karibu mita mbili, na wanyama wengine wengi hunywa humo. Niliwahi kukiona kimoja mchangani: kama vile vishimo wanavyochimba mama zetu ndani ya laga, isipokuwa pembeni hapakuwa na kibuyu. Basi mgeni mmoja wa Afrika analeta maji, mwingine analeta moto. Huwezi kuwahukumu kwa pasipoti.

Nilimsimulia mama kwa simu. Yeye ana ugomvi wake na mathenge, mti wa kutoka Amerika uliopandwa Kenya kuzuia jangwa, sasa umefunga kingo za Turkwel, na maganda yake yanaozesha meno ya mbuzi. Nikamwambia huku ndugu yake mathenge ndiye mzawa, wanasaga maganda yake unga, nimekula chapati zake, ni tamu. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akataka kujua kazi yangu ya Jumamosi.

"Mnang'oa nyasi?"

"Ndiyo, mama."

"Nyasi ile ya kwetu? Ya mbuzi?"

"Ile ile. Tunaijaza kwenye magunia, tunaitupa."

Akanyamaza kidogo. Kwao mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

"Na huko," akauliza, "hakuna mtu mwenye mbuzi?"