Pa kuanzia unapolinganisha atomu ya Thomson na ya Rutherford

Mwanangu wa Wete, umeeleza kuwa mwalimu amekurejeshea jibu lako kwa sababu umeichora modeli ya Thomson na ya Rutherford, kila moja peke yake, bila ya kuzilinganisha. Kwa maoni yangu amefanya haki. Anza na swali moja tu: chaji chanya iko wapi?

Thomson, aliyegundua elektroni mwaka 1897, aliieneza chaji hiyo katika atomu nzima na kuzipachika elektroni ndani yake, mfano wa zabibu katika mkate wa kumimina. Ingekuwa hivyo, chembe za alfa, yaani chembe nzito zenye chaji chanya, zinazorushwa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu zingepita zote na kupinda kidogo tu. Geiger na Marsden, wasaidizi wa Rutherford, walipojaribu mjini Manchester mwaka 1909, nyingi zilipita kweli, lakini chache mno zilirudi zilikotoka. Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa kuwa chembe nzito yenye kasi kubwa hairudishwi na chaji iliyotawanyika, bali na chaji iliyokusanyika, pamoja na takriban tungamo lote la atomu, mahali padogo mno; ndipo Rutherford alipotangaza kiini mwaka 1911.

Dalton, mwanasayansi aliyewatangulia wote wawili, mtaje kwa sentensi moja, kwani kwake atomu haikugawanyika. Usiuache, hata hivyo, udhaifu wa Rutherford mwenyewe, ambao wengi huusahau: kwa fizikia ya wakati ule, elektroni inayozunguka ingepoteza nishati na kuangukia kwenye kiini, jambo lililomfanya mwanafizikia Bohr, mwaka 1913, kuziwekea elektroni njia maalumu zisizopoteza nishati.