Kuhusu babu yako na ule mti wa ukoo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unataka mwaka aliozaliwa babu yako, maana hiyo programu ya mti wa ukoo haikubali kisanduku kikae kitupu. Tena unauliza mjomba wako wa Muheza umweke chini ya babu peke yake, au na mama yake naye aandikwe mke. Nianze na mwaka, ndio mwepesi.

Kadi zake zote zilisema 1930 kwa sababu ya kwanza ilisema hivyo, zilizofuata zikanakili. Ya kwanza iliandikwa na karani aliyemtazama usoni akakisia. Usiifuate. Bibi aliyemlea alisema mtoto alikuwa bado ananyonya pale Waingereza walipoiinua ile meli ya Wajerumani waliyoizamisha wenyewe ziwani mwaka 1916. Meli ndiyo hii Liemba, na iliinuliwa 1924. Basi andika 1923, uonyeshe kuwa ni makisio. Wazee wa kwetu ndivyo walivyohesabu: reli kufika Kigoma, meli kuinuliwa, watu kuhamishiwa vijijini. Mzee asipojua mwaka wake, muulize jambo fulani lilimkuta akifanya nini. Alikuwa anachunga mbuzi? Alikuwa ameshaoa? Mwaka utaupata wewe mwenyewe.

Na aliyejua habari ya meli alikuwa mwanamke. Nimekwambia tangu uko shule ya msingi: ukitaka ukoo, waulize wanawake. Wanaume watakupa majina ya baba zao kwenda nyuma, yamejipanga kama askari gwarideni. Waulize mtoto aliyezikwa akiwa na miezi mitatu aliitwa nani, wanaanza kukohoa.

Sasa la mjomba. Habari ya Tanga unaijua. Babu alichukuliwa na SILABU, ile ofisi ya kukusanya vibarua wa mkonge, akapanda treni na Waha wenzake, akawa manamba. Kambi, kipande, ile kadi ya kuhesabia siku thelathini za kazi, mkataba. Mkataba ukaisha, yeye akabaki. Aliporudi Kasulu ndipo akamwoa bibi yako, kanisani, na ya Tanga hayakutajwa tena nyumbani kwetu.

Tulipofiwa naye, tangazo lilisomwa Redio Tanzania, jina lake na la kijiji, na watoto wake tukatajwa. Kule Muheza mtu alikuwa amekaa na redio yake, akasikia jina alilokua akisimuliwa na mama yake. Akafunga safari. Alituwahi siku ya kuanua matanga, ana begi moja, ana vumbi la njia nzima. Shangazi yangu alimwona anavuka kiwanja, akaangalia ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto, akasema, "Huyu ni wetu." Mgeni hajafungua kinywa! Wanaume, wao walitaka ushahidi. Akafungua begi, akatoa kipande cha babu, jina limeandikwa vile karani alivyolisikia, lakini ni lake. Mama yake alikitunza miaka yote hiyo. Nilimpokea mimi, nikampa maji ya kuoga, nikampa samaki, migebuka, ikiwa bado ya moto. Tulicheka usiku kucha. Nilikuwa nimepoteza baba, nimepata kaka, na mwenye kucheka kama baba.

Wewe unaniuliza habari za mama yake, mimi mawazo yangu yako kwenye ile manila.

Siku ya pili baba mdogo alileta karatasi ya manila, akasema msiba umetukusanya, tuandike ukoo usipotee. Vizuri. Majina nani atayasoma? Nikaitwa mimi kutoka jikoni, kwa sababu ndiye niliyekaa na bibi. Nikawasomea. Niliwapa hata baba wa babu, ambaye kaburi lake liko kule mahame, tulikohamishwa kwenye Operesheni ya 1972 ya kuhamia vijijini, nikiwa mtoto wa kubeba kuku. Migomba ilibaki, makaburi yakabaki, na vijana waliokuwa wanaandika walikuwa hawajui hata njia ya kwenda. Wakafika kwa watoto wa baba. Wakaandika kaka zangu. Wakamwandika mgeni wa Muheza, aliyefika jana. Wakapiga mstari wa kufunga.

Nikauliza. Nikajibiwa kwamba mabinti wataandikwa kwa waume zao.

Mimi ndiye niliyemgeuza baba kitandani alipokuwa hawezi kujigeuza. Yule mgeni, Mungu ambariki, akasema, "Na dada aliyenipokea, yeye mnamweka wapi?" Wakacheka, wakadhani anatania. Mimi nikarudi jikoni kusonga ugali wa watu.

Sisemi hakustahili kuandikwa. Ni mtoto wa baba, kipande kipo, mwendo upo. Ila nisikudanganye, siku ile nilisema moyoni kwamba hakustahili, na nilijua nasema uongo hapo hapo. Yeye hakunikosea kitu. Na hao wazee sijui niseme nini, maana walifuata walichokikuta. Lakini hapana, hata hilo nalikataa! Heru hii hii, nchi yetu ya Kasulu, enzi za Mwingereza ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na baadhi ya waliokaa kwenye ile mikeka walizaliwa chini yake. Mwanamke alitawala nchi, binti hapati mstari kwenye manila?

Tena hilo la "kwa waume zao" nimelitazama. Karatasi ya ukoo wa baba yako nimo, nimeandikwa "Mama" na jina lako mbele.

Haya, mama wa mjomba. Alikuwa Mbondei. Mjomba anasema babu alitoa mahari kwa wajomba wa yule mama, tena walikula pamoja. Kwa mila hiyo ni ndoa, na ilitangulia. Kwa kanisa, mke ni mmoja, bibi yako, na ukienda misheni ukaomba kitabu cha ndoa ndivyo utakavyokuta. Ukimwandika yule mama kuwa mke, bibi yako anageuka mke wa pili akiwa kaburini, yeye aliyejijua wa pekee. Usipomwandika, basi mwanamke aliyekitunza kipande hata kikamleta mtoto kwao unampiga mstari kama mimi. Ninalo langu la kusema na linaniwasha ulimini, lakini mama yangu ndiye anayehusika humo, siwezi kuwa hakimu. Amua mwenyewe. Ila ukiamua, usiandike "mwenzi". Neno hilo ni la kukimbia swali.

Kabla ya hapo mpigie shangazi, yule yule. Macho yamepungua, kumbukumbu hazijapungua. Simu anashikiwa na mjukuu wake jioni, baada ya kula. Usianze na miaka, atachoka akate. Muulize kaka yake aliporudi kutoka Tanga alileta nini kwenye sanduku, na nani alikuwa wa kwanza kukigusa. Hapo ndipo atakapoanza, wewe uwe na karatasi karibu. Ukimrekodi mwambie kwanza.

Na kwenye huo mti wako, mimi niandike kwa jina langu lote, juu ya kaka zangu. Kwa mama yangu, mimi ndiye mkubwa.

Mama yako