Jibu: Kamba ya lifti ya anga, mbona kilomita 96,000?

Habari mkuu. Umeuliza kuhusu lifti ya anga, yaani kamba kutoka ardhini hadi angani ya kupandishia watu na mizigo: kwa nini Obayashi, kampuni ya ujenzi ya Japani, inataja kamba ya kilomita 96,000 wakati obiti ya satelaiti zinazotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 tu. Hawajakosea. Hata mimi niliganda hapohapo nikiandaa mada ya klabu ya sayansi.

Anza na uzito, achana na urefu kwanza. Sehemu ya kamba iliyo chini ya obiti hiyo inavutwa na Dunia. Ya juu yake inazunguka pamoja na Dunia na inataka kuchomoka, kama jiwe linalozungushwa kwenye kombeo. Mvuto wa chini ukizidi, kamba nzima inashuka, ndiyo maana kamba inaendelea mbali kupita obiti hiyo. Ukifunga mzigo mzito zaidi kule nchani, kamba inaweza kuwa fupi.

Wanaolipigia debe wazo hili: tazama ISEC, muungano wa kimataifa ulioanza 2008, na chama cha Wajapani kinachoshindanisha roboti za kupanda kamba iliyoning'inizwa kwa puto (hao ndio walionivutia). Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Shizuoka nacho kilirusha visatelaiti viwili vya kujaribia kamba.

Ila lengo la Obayashi la kuwa na lifti hiyo ifikapo 2050 silikubali. Kamba hiyo inahitaji nyuzi za kaboni, na zenye nguvu ya kutosha na urefu huo bado hakuna aliyezitengeneza.