Dogo, usimpe jina bado

Jumapili iliyopita, saa tatu usiku, nikapata ujumbe kutoka kwa kijana wa Morogoro, mwanafunzi wa mwaka wa pili. "Shikamoo mwalimu. Nimempata kereng'ende ambaye hayupo popote, nimeshatafuta. Nataka nimpe jina la bibi yangu aliyenilea. Naanzia wapi?" Chini ya maneno kulikuwa na picha tatu. Ya kwanza ni kidole chake. Ya pili ni jani lenye kitu cha buluu kilichotikisika. Ya tatu, hapo nampa sifa zake, ilimwonesha mdudu mzima, ila amepigwa kwa juu na ncha ya mkia imezama kivulini.

Nilicheka peke yangu sebuleni, halafu nikaacha. Mwaka 2013 ujumbe kama huo niliuandika mimi. Tofauti ni kwamba yeye alianza na shikamoo.

Kabla sijaendelea: nikisema kereng'ende namaanisha mdudu, si yule ndege wa kitoweo mwenye jina hilohilo. Babu yangu alifurahi sana siku nilipomwambia naenda msitu wa Amani kutafuta kereng'ende. Aliuliza nitarudi na wangapi. Na simaanishi wale wakubwa wanaozunguka madimbwi kama helikopta. Nazungumzia wale wembamba kama njiti, macho yametengana huku na huku kama kichwa cha nyundo, ambao wengi wao wakitua hufumba mabawa mgongoni. Wako wasioishi popote isipokuwa kwenye vijito vya msituni, majini penye mawe na kivuli, na wapo wanaoishi kwenye mlima mmoja tu duniani.

Ugonjwa wetu wa kutaka kutoa majina unaanzia hapo. Ukifungua orodha yoyote ya kereng'ende wa Tanzania utakuta Amanipodagrion gilliesi Pinhey, 1962. Jenasi nzima, yaani kundi la spishi ndugu, imebeba jina la Amani, kule Usambara Mashariki, na hadi leo mdudu huyo anajulikana kutoka msitu wa Amani na Sigi tu. Wataalamu wamemweka katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Gilliesi ni kumbukumbu ya Gillies, mtafiti wa mbu aliyefanya kazi Amani enzi za utafiti wa malaria. Pinhey ndiye aliyemwandika, yaani aliyemweleza kisayansi mara ya kwanza na kumpa jina, naye alikuwa mtu wa makumbusho ya Bulawayo, Zimbabwe. Lakini mimi sikuwa nayatazama hayo. Nilitazama mwisho wa mstari: jina la mtu, koma, mwaka. Nilikuwa na daftari ambalo ukurasa wa nyuma nimejaribu jina langu na ile koma, mara kama ishirini, kama anayefanya mazoezi ya saini. Wewe unayesoma hapa usijifanye hujawahi.

Wakati huo nilifundisha biolojia katika sekondari moja wilayani Muheza, mshahara wa kuanzia, chumba cha kupanga. Likizo na mwisho wa wiki nilipanda Amani na kikundi cha watafiti, nikibeba mizigo yao. Kibali kilikuwa cha kikundi, jina langu limeandikwa mwisho kabisa. Nilichojifunza kwanza ni kungoja. Asubuhi na mapema kijito cha Usambara hakina kitu. Ukungu umelala, umeloa hadi soksi, na unajiuliza umekuja kufanya nini. Kwenye saa nne, saa tano, jua likipenya majani, doa moja la mwanga linaanguka juu ya jiwe. Unalitazama doa hilohilo. Ghafla kuna mtu amekaa.

Huyo niliyemwona alikuwa dume. Mwili mfupi mnene kidogo, pua imechomoza mbele, tumbo la kahawia lenye madoa yaliyopauka, na miguu rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nilikuwa nimekariri picha zote za kitabu cha kikundi na huyu hakuwemo. Wavu ulinitetemeka mkononi. Nilimpata, nikampata na mwenzake baada ya nusu saa, na kabla sijavuka kijito kurudi nilishampa jina: jina la mama yangu na herufi ae mwishoni, maana kanuni zinataka jina la mwanamke limalizike hivyo. Sikuwa najua kanuni nyingine hata moja, ila hiyo niliijua.

Usiku nikawalowesha kwenye asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha, ili rangi zao zisiozee. Muuza vipodozi pale mjini aliniuliza mke wangu ana kucha ngapi. Sikuwa na mke. Siku ya pili nikawatoa, nikawakausha, nikawakunjia vibahasha vya karatasi ya daftari na kuviweka mezani, nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Alfajiri niliwasha taa kutafuta kiberiti. Mstari mwembamba mweusi ulikuwa unashuka kwenye mguu wa meza, na katikati ya mstari kipande cha tumbo chenye doa lililopauka kinatembea chenyewe. Sisimizi. Ndani ya vibahasha nilikuta mabawa manane, yote mazima, safi, yanang'aa. Mabawa hawali.

Nilikaa kitandani mpaka kengele ya shule ikalia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba bibi yangu alilijua jambo hili bila shahada. Kabati lake la sukari lilisimama ndani ya makopo manne yenye maji na mafuta ya taa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, andika: miguu ya meza iingie makopo. Wa pili ni kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Wa tatu ni huohuo wa kwanza, kwa sababu najua hutafanya.

Miaka miwili iliyofuata naipita. Ilikuwa barua, mhuri, barua ya kuulizia barua, na mtu wa mapokezi katika ofisi moja aliyenifahamu kwa sauti. COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na wenye hifadhi wote wana sehemu yao, na hakuna njia ya mkato. Nikisikia kijana anaokota vielelezo hifadhini bila karatasi namwambia palepale: hata ukipata mdudu wa dhahabu, hautamwandika popote, na utawaharibia wanaokuja nyuma yako.

Nilipowapata tena, safari hii wanne, niliandika barua pepe ndefu kwa mtaalamu mmoja wa nje. Simtaji. Nilimwekea picha kumi na moja, jina la mama, na aya nzima kuhusu umuhimu wa ugunduzi huu kwa taifa. Alijibu kwa mistari miwili: kwamba ni Platycypha auripes, dume ambaye bado mchanga, na kama nimewahi kumwona aliyekomaa.

Kuna majibu ambayo yangekuwa matusi ungesahau. Hilo sijalisahau. Auripes maana yake ni mwenye miguu ya dhahabu. Ameandikwa tangu mwaka 1906 na Förster, ni wa milima yetu hii ya Tanzania, na picha ya aliyekomaa ilikuwemo kwenye kile kitabu nilichojidai nimekikariri. Nilimwangalia wangu mwenye miguu ya chai iliyopoa, nikasema mzungu huyu hajui kitu.

Basi nikafanya jambo moja la maana katika hadithi hii yote, na nililifanya kwa hasira. Likizo ya Desemba nilirudi kijitoni na kalamu ya wino usiofutika. Nilikamata madume ya chai ya maziwa, nikayaandika nambari kwenye bawa, nikayaachia. Nilikusudia kumthibitishia mtu kwamba yatabaki hivyohivyo. Siku kadhaa nambari 7 alikaa kwenye tawi lilelile, pembeni kidogo na maji, mpole, hagombani na mtu. Halafu akapotea. Siku nane sikumwona, nikajua ameliwa na buibui. Siku ya tisa, saa tano na robo, kuna dume amesimama juu ya jiwe la katikati, anamfukuza mwenzake kwa fujo, na miguu yake inawaka kama shaba iliyosuguliwa. Kwenye bawa kuna 7, mwandiko wangu, na ule mkono wa saba ninaouvuka kistari kama nilivyofundishwa shule ya msingi.

Hakukuwa na mtu wa kubishana naye pale.

Ndiyo maana nakwambia, dogo, na wengine wote mnaonitumia picha: kumpata mdudu si kazi. Kazi ni kuwajua wote ambao siye. Unaposema "huyu ni mpya" hujasema neno lolote juu yake, umesema juu ya wenzake waliokwisha kuandikwa: wachanga wao, wazee wao, majike yao yanayofanana hadi yanakera, na vile vielelezo vilivyokaa kwenye droo za makumbusho tangu kabla ya babu yako. Mtaniambia mwaka 2015 wataalamu Dijkstra, Kipping na Mézière waliandika spishi mpya 60 za Afrika kwa mpigo mmoja, na wengi wao unaweza kuwatambua kwa picha tu. Kweli. Anayewatambua kwa picha ni yule anayezijua hizo mia saba na zaidi zilizotangulia. Mpishi mzoefu hapimi chumvi, wewe pima.

Na picha yenyewe ni ya wapi? Mkiani. Rangi ni nguo, hubadilika kwa umri, hata kwa baridi ya asubuhi. Dume ana koleo kwenye pingili ya kumi ya tumbo, na kwa koleo hilo humkamata jike nyuma ya kichwa wakati wa kupandana. Umbo lake mara nyingi ndilo linalotenganisha spishi na spishi: ncha imepinda ndani au nje, ina jino au haina. Bana lenzi ndogo kwenye simu, mpige kwa juu, mpige kwa ubavu, weka rula. Kisha tazama kiungo kilicho chini ya pingili ya pili, maana hawa jamaa huhamisha mbegu kutoka nyuma kuja mbele kabla ya kupandana, na tangu mwaka 1979 imejulikana kwamba wapo madume ambao hukwangua kwanza mbegu za mpinzani ndani ya jike ndipo waweke zao. Wanadamu tuna wivu, ila hatujafika huko. Mguu mmoja uweke kwenye alikoholi kwa ajili ya vinasaba. Makopo chini ya meza nimeshasema.

Wengi mnapenda sehemu ya jina, na hiyo ndiyo fupi kuliko zote. Unachagua kielelezo kimoja, holotaipu, ambacho ndicho kitabeba jina milele, na unakiweka kwenye makumbusho ambako mtu mwingine ataweza kukiona, si chini ya kitanda chako. Unaandika anatofautianaje na ndugu zake. Chapisho likiwa la mtandaoni tu, lazima lisajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Ukilitangaza jina mapema kwenye mitandao bila maelezo, linakuwa jina tupu lisilohesabika, na umewachokoza wenye haraka kuliko wewe.

Sasa nifike kwenye kiburi, maana nimejizuia vya kutosha. Mwezi uliopita andiko letu limekubaliwa. Mdudu wa kweli, wa kijito cha kweli, na koleo lake nimelichora mimi kwa siku kumi na nne. Tuko waandishi wanne, mimi wa tatu. Aliyemwona kwanza si mimi wala hao wengine wawili wenye shahada, ni muongoza wageni wa kijiji cha pale, ambaye alisema tu, "Huyu mbona anakaa chini ya maporomoko, wenzake hawakai?" Yeye ni wa pili kwenye orodha na nilipigania hilo kuliko nilivyopigania nafasi yangu. Jina silitaji kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Kijito sikitaji pia, kwa sababu nyingine: mwaka 2003 watu walifurika vijito vya Amani kutafuta dhahabu, na tope lililobaki waliliona wote.

Nilimpigia mama. Akauliza, "Kwa hiyo huyo mdudu ana jina langu?" Nikamwambia hapana, tumempa jina la mahali. "Afadhali," akasema. "Mimi na wadudu wapi na wapi." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Yule kijana wa Morogoro nilimjibu usiku uleule, karibu haya yote kwa sauti, dakika sita. Alisikiliza. Asubuhi akanitumia picha nyingine nne, zote kwa juu. Dogo, mkia. Kwa ubavu. Bado nasubiri.