Swali la Lugha: Je, bakteria wana alama za vidole?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili wa Mbale, Uganda, anauliza:

"Nimepewa kazi ya kufasiri kijitabu cha mafunzo ya maofisa wa polisi wanaokusanya ushahidi katika eneo la tukio (SOCO). Sura moja inahusu bakteria wa ngozi na namna wanavyoweza kuonyesha ni nani aliyegusa kitu fulani. Nimeandika hivi: 'Ofisa wa SOCO alifuta panya ya kompyuta na kupata alama za vidole za bakteria za mtuhumiwa, ambazo ziliangaliwa kwa darubini na kuthibitisha kuwa ndiye aliyeitumia.' Mwenzangu ananiambia niondoe bakteria, niweke vimelea. Askari niliyemsomea amesema kwao hivyo ni vijidudu tu, basi. Neno lipi ni sahihi? Na sentensi imekaa sawa?"

Mwalimu, ubishi wenu kuhusu neno bakteria ndio mwepesi kuliko yote yaliyomo katika sentensi hiyo. Tuumalize kwanza.

Askari wako hajakosea kwa mazungumzo ya kambini. Kwa Waganda, obuwuka (umoja wake akawuka) ni vidudu vidogo vya kila namna: vinavyotambaa ukutani, bakteria, na hata virusi. Mtu akisema akawuka bila kufafanua, wapo watakaoelewa moja kwa moja kirusi cha UKIMWI. Upana huo huo umehamia katika "vijidudu" vya Kiswahili cha Uganda. Katika kijitabu cha mafunzo upana huo ni tatizo, kwa sababu juu ya ngozi kuna pia virusi na kuvu, ilhali kipimo unachokieleza kinasoma bakteria peke yao.

Vimelea ni kosa zito zaidi. Neno linatokana na kumea: kumelea ni kumea juu ya mwingine na kuishi kwa jasho lake, kama afanyavyo kupe kwa ng'ombe au minyoo tumboni. Bakteria wengi wa ngozi hawamdhuru mwenye ngozi. Staphylococcus epidermidis anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu, na Cutibacterium acnes, ingawa anahusishwa na chunusi, hukaa pia kwa wasio na chunusi hata moja. Ukimwandikia mtuhumiwa kwamba mkono wake una vimelea, umemwambia ni mgonjwa. "Viini vya maradhi" na "vijasumu" vina kasoro hiyo hiyo. Andika bakteria.

Lakini andika bakteria huyu, bakteria hawa. Huku kwetu wengi husema "hii bakteria" na "bakteria zake", kwa kuwa nomino ngeni hutupwa katika ngeli ya i-/zi- bila kuulizwa zimetoka wapi. Bakteria ni kiumbe hai, anafuata a-/wa-: bakteria mmoja amekufa, bakteria wengi wamebaki. Umoja na wingi havibadiliki, na hakuna haja ya kubuni "mabakteria".

Ngeli hiyo ina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Soma tena "alama za vidole za bakteria za mtuhumiwa". Umeandika za mara tatu, na zote zinarudi kwenye alama. Msomaji anapata alama, za vidole, ambazo ni za bakteria. Yaani bakteria wana vidole. Utacheka, lakini ofisa aliye mafunzoni hatacheka: ataelewa kwamba zimepatikana alama za vidole, jambo analolijua tangu siku ya kwanza, la unga, utepe na mistari ya ngozi. Hizo ni ushahidi mwingine kabisa. Bakteria hupimwa hasa pale ambapo alama za vidole zimevurugika au hazishiki, kwa mfano kwenye kitambaa au kwenye kitufe kilichobonyezwa mara elfu. Taarifa yenye maneno yako ikifika mahakamani, wakili wa utetezi atauliza alama hizo za vidole zimehifadhiwa wapi, na jibu halitakuwepo.

Iache -a unganifu ifanye kazi yake: "bakteria wa ngozi ya kiganja cha mtuhumiwa". Wa inashika bakteria, ya inashika ngozi, cha inashika kiganja. Hakuna anayeweza kupotea humo. Kuna lugha ambazo hulazimika kurundika nomino tano mfululizo na kumwachia msomaji akisie ipi inatawala ipi. Sisi tumepewa viunganishi vyenye macho, halafu tunavifumba wenyewe kwa kuandika za kila mahali.

Sasa, kijitabu kitahitaji jina la kile kinachomtambulisha mtu. Hapa lazima tuingie kidogo katika sayansi yenyewe, maana neno baya linatokana na kutoielewa. Kinachomtofautisha mtu na mwenzake ni mchanganyiko: bakteria gani wapo, na kila mmoja kwa wingi gani. Hakuna bakteria maalumu wa fulani. Mwaka 2008 Noah Fierer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichunguza viganja vya wanafunzi 51, mikono 102. Kwa wastani mkono mmoja ulikuwa na aina zaidi ya 150 za bakteria, na ukichukua mikono ya watu wawili tofauti, ni asilimia 13 tu ya aina hizo zilizopatikana kwa wote wawili. Hata mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu yule yule ulifikia asilimia 17 tu. Ndiyo maana kijitabu chako kisiseme "mkono wa mtuhumiwa" kikaishia hapo: kama kitu kilishikwa kwa mkono wa kulia, sampuli ya kulinganisha ichukuliwe mkono huo, na taarifa iutaje.

Wengi watauita mchanganyiko huo "jamii ya bakteria". Usifuate. Kwa Kiswahili paka na chui ni jamii moja, maharage na choroko ni jamii ya kunde. Jamii hapo ni ukoo wa viumbe wanaofanana. "Jamii ya bakteria wa mkononi" itaeleweka kuwa ni aina moja ya bakteria, kinyume kabisa cha unachotaka. "Mchanganyiko wa bakteria" unatosha, na kama unataka neno la kitaalamu zaidi, "jumuiya ya bakteria" haina utata huo.

Na tafadhali usiandike kwamba mikono miwili "inashiriki asilimia 13 ya bakteria". Kushiriki ni kuingia katika jambo pamoja na wengine: mtu hushiriki harusi, hushiriki mkutano. Mikono haihudhurii bakteria. Sema "asilimia 13 ya aina zilikutwa kwa wote wawili", au "walifanana kwa asilimia 13 ya aina". Kadhalika mtu "huacha bakteria" kwenye kitu, inatosha, bila "nyuma".

Nimechelewa kufika kwenye kitenzi cha kwanza, nacho ndicho cha hatari kuliko vyote. Umeandika ofisa "alifuta". Kufuta ni kupangusa, ni kweli, tunafuta vumbi na tunafuta ubao. Lakini kufuta pia ni kuondoa kabisa: kufuta kesi, kufuta deni, kufuta jina kwenye orodha. Ofisa anayesema kizimbani kwamba alifuta kipanya amekiri kuharibu ushahidi. "Alisafisha" ni hivyo hivyo. Andika alichukua sampuli kwa kijiti cha pamba.

Kwa kuwa ofisa atasoma kijitabu ili afanye, hatua ziwe na vitenzi visivyoyumba. Avae glavu mpya. Achukue kijiti chenye pamba isiyo na vijidudu (hapa neno la askari wako linafaa hasa, kwa kuwa tunataka kila kidudu kiwe kimekufa, bila kuchagua). Pamba iloweshwe kwa maji maalumu yaliyotakaswa, maana pamba kavu huokota kidogo mno. Aisugue juu ya sehemu inayoguswa huku akiizungusha, kisha aitie kwenye kichupa chake, aifunge, aandike lebo papo hapo. Kila kitufe au kila kitu kiwe na kijiti chake. Kijiti kimoja kikipita vitu viwili, kilichobaki ni mchanganyiko wa michanganyiko, na maabara haiwezi kuutenganisha. Ofisa naye apimwe kiganja, ili ijulikane kama bakteria wake wameingia. Baadhi ya wafasiri huita pamba hiyo "tasa". Maabara wamelizoea neno, lakini mbele ya askari wa kawaida tasa ni mtu au mnyama asiyezaa, na darasa litaangua kicheko. "Iliyotakaswa" inapita vizuri.

Jambo la kuhifadhi lina habari njema. Katika utafiti wa 2010 wa kundi hilo hilo la Colorado, sampuli za ngozi zilizowekwa kwenye nyuzi joto 20 kwa wiki mbili hazikubadilika sana ukilinganisha na zilizogandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Usilifasiri hilo kuwa "haziharibiki". Sema "mchanganyiko haukubadilika sana kwa siku 14", kwa sababu ndicho kilichopimwa, na kilipimwa katika joto la maabara, siyo ndani ya gari lililoegeshwa juani Soroti. Kunawa mikono nako hakumwokoi mtu kwa muda mrefu: mchanganyiko wa mkononi hurudi karibu na ulivyokuwa baada ya saa chache.

Panya. Katika utafiti huo huo watafiti walichukua sampuli kwenye kibodi za watu watatu, kitufe kwa kitufe, na kwenye vile vifaa tisa vya kusogezea kishale kwenye skrini. Ukiandika "bakteria waliokutwa kwenye panya", hakimu ataona panya halisi, tena kwa bakteria itaonekana ni habari ya tauni. Neno lililozoeleka ni kipanya. (Watanzania wamewahi kuita vipanya magari madogo ya abiria, lakini ukisema "kipanya cha kompyuta" hakuna atakayengoja kwenye kituo.) Na ukisha kusema kipanya, upatanisho unabadilika: "aliyekitumia", siyo "aliyeitumia".

Vipanya hivyo tisa ndivyo vinavyotupeleka kwenye "kuthibitisha". Kila kipanya kililinganishwa na kiganja cha mwenyewe na pia na mikono 270 ya watu ambao hawakukigusa kamwe. Bakteria wa kipanya walifanana zaidi na wa mwenyewe kuliko walivyofanana, kwa wastani, na wa mikono hiyo 270. Tazama umbo la kauli hiyo: ni ya kulinganisha, ya zaidi na kuliko. Watafiti wenyewe walikadiria usahihi wa asilimia 70 hadi 90, na mbinu imebaki ya utafiti zaidi kuliko ya mahakamani. Kuthibitisha ni kufunga mlango. Kiswahili kina ngazi nzima ya vitenzi chini yake: kuashiria, kuonyesha, kuelekeza, kuunga mkono. Hapa "kuashiria" ndicho kipimo sawa. Epuka pia "kulingana" ukimaanisha kufanana, kwa sababu vitu vinavyolingana vimekuwa sawasawa, na bakteria hawa hawawi sawasawa hata siku mbili mfululizo.

Jihadhari na vinasaba vile vile. Ni neno zuri, limejengwa juu ya nasaba, na Watanzania wamelitia hata katika sheria yao ya 2009 ya vinasaba vya binadamu. Huku kwetu watu husema DNA tu, na wakisikia DNA fikra huenda kwenye damu, ubaba wa mtoto na maabara ya serikali ya Wandegeya. Kipimo chako kinasoma jeni za bakteria. Andika "DNA ya bakteria" kila mara, neno la pili lisidondoke, ama sivyo msomaji ataamini ni DNA ya mtuhumiwa iliyopatikana.

Sentensi yako naiandika hivi: "Ofisa wa SOCO alichukua sampuli kwenye kipanya cha kompyuta kwa kijiti cha pamba. Bakteria waliopatikana walifanana na wa kiganja cha kulia cha mtuhumiwa zaidi ya walivyofanana na wa watu wengine waliolinganishwa, jambo linaloashiria kwamba huenda ndiye aliyekitumia."

Utaona darubini imetoweka. Darubini ni ya kutazamia vya mbali, nyota na milima. Ya kutazamia vidogo ni hadubini. Nilitaka kukubadilishia neno, kisha nikakumbuka kwamba kwa hadubini bakteria wengi wa ngozi huonekana vidoa vinavyofanana, na katika mbinu hii hakuna anayewatazama: mashine inasoma jeni yao iitwayo 16S, na majina yanatoka kwa kompyuta. Kwa hiyo maneno "ziliangaliwa kwa darubini" hayahitaji kusahihishwa. Hayo, Mwalimu, unaweza kuyafuta.